Tangazo Lilikuwa Ndani

Watu wakizungumza siku hizi juu ya gari la moshi la zama za Wajerumani, wale tuliowaita Wadachi, husifu jinsi lilivyokuwa likienda kwa saa. Sijui ni saa ya nani. Nililipanda gari hilo kwa muda wa kutosha kunipa haki ya kusema, na ninakiri kwamba huenda kweli lilikwenda kwa saa. Ila saa yenyewe ilitundikwa mahali ambapo sisi tulioliponda vumbi kulifuata hatukuruhusiwa kufika.

Wakati huo reli ilikuwa ikisogezwa kutoka Mombo kuelekea Moshi. Mimi nilikuwa nikiishi Korogwe na kufundisha Makuyuni. Nilikuwa nimemaliza shule ya serikali kule Tanga, nikabakizwa na wenzangu wachache kwa masomo ya juu ya ualimu, na nikatoka huko na mambo mawili: Kidachi cha kusoma na kuandika, na tabia ya kulipima kila jambo mara mbili kabla ya kuliamini. Siku za kufundisha nilipanda gari asubuhi, nikarudi nalo jioni au kesho yake, kadiri lilivyopenda lenyewe.

Stesheni ya Korogwe ilikuwa na baraza, chumba kimoja cha kungojea, na uzio wa magogo. Chumba kilikuwa cha Wazungu. Ndani yake mlikuwa na benchi, mtungi wa maji uliofunikwa kitambaa, na ukuta ambao juu yake matangazo yote ya safari yalibandikwa, kwa Kidachi. Sisi wa behewa la nyuma tulingojea nje ya uzio, juani, pamoja na kuku na vifurushi vyetu, mpaka askari alipofungua lango. Kwa hiyo tangazo lilikuwapo kila siku, na asingeweza mtu kusema kwamba halikutolewa. Lilitolewa kwa wale waliokuwa na mtumishi wa kutumwa kwenda kuuliza.

Ukitaka kujua jambo, ulikwenda kwenye dirisha la tikiti. Lilikuwa dogo, lilitazama upande wetu wa uzio, na mara nyingi lilikuwa limefungwa. Karani wa stesheni, mtu wa pwani mwenye kanzu safi na sauti ya kuchoka, alikuwa na jibu moja kwa maswali yote.

"Gari litakuja saa ngapi, bwana?"

"Likija mtaliona."

Nimelitafakari jibu hilo miaka mingi. Halina uongo ndani yake. Mtu anayejibu hivyo hawezi kushtakiwa popote.

Kwa kuwa hatukuambiwa, tulijifunza wenyewe. Pale barazani ilining'inia kengele ya shaba, nasi abiria wa kila wiki, wauza tumbaku, akina mama wa Kishambaa waliopeleka mboga, vibarua wa mashamba ya mkonge, tulikuwa tumeisoma kengele hiyo kama wanafunzi wasomavyo ubao. Mlio mmoja: gari limeondoka stesheni iliyotangulia. Milio miwili: linakaribia, dirisha litafunguliwa. Milio mitatu: pandeni. Hakuna aliyetufundisha. Tulilinganisha siku kwa siku, tukabishana, tukakubaliana, na mgeni alipofika tulimfundisha kwa fahari, kana kwamba ilikuwa mali yetu.

Mama yangu alikuwa Mzigua wa Handeni, mkulima wa mahindi na mtama. Alikuwa na ndugu mmoja tu aliyesalia, mjomba wangu, ambaye zamani alihamia Makuyuni kufuata ardhi yenye maji akaoa huko. Mjomba aliposhikwa na ugonjwa wa kifua, nilimpelekea Mama habari, naye akafunga safari kwa miguu pamoja na watu waliokuwa wakileta mbuzi sokoni Korogwe. Alifika kwangu jioni, miguu imevimba, vumbi jekundu hadi magotini. Tulikubaliana kwamba kesho yake tungepanda gari la asubuhi kwenda kumwona mgonjwa.

Alfajiri, kabla Mama hajakunja mkeka wa sala, mtu wa Makuyuni alibisha hodi. Hakuketi. Alimwamkia Mama shikamoo, akatazama chini.

"Mama, kaka yako ametutoka. Mwanawe mkubwa amesema jeneza lisitoke mpaka wewe ufike. Watangoja hadi alasiri. Amesema, dada mtu lazima auone uso."

Akaendelea na njia yake kupeleka habari kwa jamaa wengine upande wa mtoni.

Inanipasa nieleze maana ya maneno yale, maana ndiyo kisa chote. Kwetu sisi Waislamu maiti hazikwi siku nyingine ikiwezekana kuzikwa leo. Wanawake hawafuati jeneza kwenda makaburini. Nafasi ya mwanamke kuagana na ndugu yake ni nyumbani, baada ya kuoshwa, sanda inapofunuliwa usoni kwa muda mfupi kabla ya kufungwa. Nafasi hiyo ikipita imepita. Mama hakuwa amemwona kaka yake tangu mvua za mwaka uliotangulia.

Alikaza kaniki yake kiunoni. "Tunakwenda kwa miguu?" aliuliza.

Nikaitazama miguu yake. Mtu mzima akitoka Korogwe asubuhi, kwa mwendo wa kawaida, hufika Makuyuni adhuhuri au baada yake kidogo. Kwa miguu iliyovimba, labda karibu na alasiri. Gari likija kwa desturi yake lingetufikisha kabla jua halijawa kali. Nilimweleza yote hayo, upande huu na upande ule, mpaka akainua mkono kuninyamazisha.

"Twende stesheni tukaulize," alisema. "Wakisema gari lipo, tutangoja. Wakisema halipo, nitatembea. Nataka neno moja tu."

Neno moja tu. Sijawahi kusikia abiria akidai kidogo zaidi ya hapo.

Tulikuta watu wamekwisha jaa nje ya uzio. Dirisha lilikuwa limefungwa. Niligonga.

"Samahani, bwana. Leo gari la kwenda Mombo lipo?"

"Dirisha likifunguliwa, lipo," ilijibu sauti ya karani kutoka ndani.

"Na lisipofunguliwa?"

"Basi bado."

"Tuna msiba, bwana. Kama halipo tuambie, tutembee."

Akajibu kwa upole kabisa: "Subirini."

Karibu yetu alikuwa ameketi kibarua wa Kinyamwezi, mtu mzima mwenye kovu shavuni, aliyekuwa akirudi shambani kwake Mombo. Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu zama za misafara, na mtani ana ruhusa ya kukucheka hata msibani; ukikasirika, aibu ni yako. Alisikia habari yetu, akamgeukia Mama.

"Pole, Mama. Lakini nyie Wazigua hamna mpango. Mtu anakufa bila hata kuuliza kwanza kama gari lipo!"

Mama alikuwa na machozi bado kwenye mashavu. Alimtazama kwa makini, kama anayechagua fimbo.

"Na nyie Wanyamwezi? Babu zenu walibeba mizigo ya watu mpaka pwani, wakasahau njia ya kurudi kwao."

"Hatukusahau. Tunangoja gari."

Watu walicheka. Mama naye alicheka kidogo, kisha akalia tena, na mtani akamsogezea kibuyu chake cha maji.

Ndipo kengele ilipolia. Mlio mmoja.

Sote tulisimama. Mama mmoja wa mboga alianza kufunga kapu lake. "Limeshaondoka huko!" alisema, na wengine wakaitikia, "Limeondoka." Nilihisi mzigo ukinishuka kifuani. Nilimweleza Mama maana ya mlio ule, naye akalegeza kaniki aliyokuwa ameikaza, akaketi, akainyosha miguu yake mbele yake.

"Alhamdulillahi," alisema. "Nitamkuta."

Tulingoja. Jua lilipanda. Kivuli cha baraza, ambacho kilikuwa kimetufikia hadi unyayo, kilirudi taratibu ndani ya uzio. Nikaanza kuhesabu sababu. Labda gari limesimama kuchukua kuni. Labda daraja linatengenezwa. Labda masikio yangu yamekosea. Nilimuuliza mtani, naye akasema hata yeye alisikia mlio mmoja, na kwamba Mnyamwezi akidanganywa na kengele basi dunia imekwisha.

Kengele ililia tena. Mlio mmoja, vile vile.

Hapo ndipo watu walipotazamana. Kengele haikupata kurudia mlio wa kwanza. Ama ni gari jingine limeondoka, ama lile la kwanza limerudi. Nilisimama, nikamwendea askari langoni. Alikuwa kijana wa bara, mwenye bunduki na vifungo vinavyong'aa.

"Bwana askari, naomba kuingia chumbani nilisome tangazo. Nasoma Kidachi. Sitagusa kitu."

"Tangazo gani?"

"La abiria."

"Abiria wapo ndani." Alionyesha kwa kidevu Mzungu mmoja na mkewe, waliokuwa wakinywa kahawa barazani. "Nyie ni watu wa behewa la nyuma."

"Basi wewe nenda ukalitazame, uniambie kuna nini."

Akacheka, si kwa ubaya. "Mimi sijui kusoma, mwalimu. Na wewe unayejua huruhusiwi kuingia. Sasa tufanyeje?"

Kwa hakika tungefanyaje? Nilikuwa nimetumia miaka ya ujana wangu kujifunza maneno ya ukuta ule. Kati yangu na ukuta palikuwa na lango la magogo na hatua chache za mchanga, na nilirudi nilikotoka.

Nilipofika kwa Mama, alikuwa amekwisha simama.

"Wamesemaje?"

"Hawajasema."

"Hawajasema lipo, au hawajasema halipo?"

"Hawajasema lolote, Mama."

Alitazama njia ya reli, akatazama jua. Mtani akasema, "Twende tu, Mama. Nitakubeba begani. Babu zangu walibeba pembe za ndovu."

"Pembe hazikuwa na makalio kama haya," Mama alimjibu, akainama kuchukua kifurushi chake. Alikuwa ameamua. Alipiga hatua, nami nyuma yake.

Na kengele ikalia milio miwili.

Wakati ule ule tukaona moshi upande wa Tanga. Kelele zilizuka: "Hilo! Hilo!" Watu walibanana langoni, kuku wakapiga kelele, na Mama akarudi mbio kwa miguu yake ile, ananivuta mkono. Ninaukumbuka uso wake. Ulikuwa uso wa mtu aliyesamehe kila kitu.

Lilikuwa gari la mizigo. Mabehewa wazi, yamejaa vyuma vya reli na mataruma ya kuvilazia, ya kupeleka mbele, kwenye ujenzi. Liliingia taratibu, likasimama, likaanza kunyweshwa maji. Lango halikufunguliwa. Mama alishika magogo ya uzio kwa mikono miwili, akamwita karani, ambaye sasa alikuwa ametoka nje na karatasi mkononi.

"Baba! Hili linapita Makuyuni?"

"Linapita."

"Linasimama?"

"Linasimama kidogo."

"Basi tufungulie, baba. Nina maiti ya ndugu yangu huko."

"Hili si la watu, mama."

"Ni la nani?"

"La reli."

Mtani akajipiga kofi pajani. "Mmesikia? Reli zimepanda gari, sisi watu tukatembee juu ya reli!"

Safari hii hakucheka mtu. Injini ilipiga mlio wake mrefu, na lile gari likaondoka kuelekea Makuyuni pasipo sisi, tukilitazama mpaka likawa moshi tu.

Karani alikuwa akielekea kwake kula. Mtu aliyetaka kuondoka stesheni ile alipaswa kupita langoni, kwa hiyo kwa mara ya kwanza asubuhi ile alilazimika kuwa upande wetu wa uzio. Nilimzuia njia.

"Gari la abiria liko wapi?"

"Leo hakuna," alisema. "Injini yake imechukuliwa kuvuta vyuma. Tangazo lipo tangu jana."

"Lipo wapi?"

"Ndani."

"Na kengele? Asubuhi yote kengele inalia mlio mmoja."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Hiyo ni ya kuwaita vibarua wa kuni. Mkuu mpya wa stesheni ndivyo anavyotaka. Yule wa zamani amepelekwa kwao na homa. Ninyi nani aliwaambia kengele ni yenu?"

Ni swali la haki. Hakuna aliyetuambia kwamba kengele ni yetu, wala hakuna aliyetuambia kwamba ilikuwa imekoma kuwa yetu. Mgeni ambaye hajawahi kukanyaga stesheni ile angesikia mlio wa kwanza asijue maana yake, angechoka kungoja, angeondoka kwa miguu kukiwa bado na umande. Sisi tulioijua kengele ndio tuliobaki. Nimelipindua jambo hili huku na huku, nikitafuta pembe ambayo kwayo lingeonekana kuwa dogo, na sijaipata.

Tulitembea. Adhuhuri ilikuwa imepita. Mtani alifuatana nasi sehemu kubwa ya njia, akibeba kifurushi cha Mama juu ya cha kwake, na kila Mama alipopunguza mwendo alisema neno la kumtusi Mzigua mpaka Mama apate hasira ya kuendelea. Tulifuata njia ya pembeni ya reli, kati ya mkonge uliopandwa kwa mistari na pori la miiba. Mama alivua ndala zake za ngozi zilizombana, akatembea pekupeku. Hakuuliza tena lolote. Mara mbili nilianza kumweleza kuhusu mkuu mpya wa stesheni na jinsi mambo yalivyotokea, na mara mbili niliacha, kwa sababu niliona maelezo yale yalikuwa yakinisaidia mimi peke yangu.

Jua lilikuwa limeinama tulipoingia Makuyuni. Mtani alimkabidhi Mama kifurushi, akamwambia, "Nisalimie huyo kaka yako mtoro," akaendelea na njia yake kwenda Mombo.

Tulipokaribia nyumba ya mjomba, tulikutana na wanaume wakirudi, majembe mabegani, udongo mbichi mikononi mwao. Walitupisha njia. Mama hakuwauliza, maana udongo ulikuwa umesema.

Mtoto mkubwa wa mjomba, binamu yangu, alikuja mbio akapiga magoti mbele ya Mama.

"Shangazi! Shangazi, tulidhani huji!"

"Mlisema mtangoja hadi alasiri."

"Tuliswali alasiri, tukangoja tena. Wazee walikuwa wakinung'unika, mimi nikakataa. Mapema, gari liliposikika, nilisema, huyo ni Shangazi, nikamtuma mtu stesheni akupokee. Akarudi akasema gari limesimama, limeshusha mataruma, limeondoka. Hakushuka mtu. Tangu hapo wazee walikuwa wakiniambia, kama angekuja angekuja na gari, gari limekwisha pita. Nikawajibu, labda miguu. Wakasema, mtu mwenye mwanawe mwalimu, mwenye kupanda gari kila wiki, atatembea kwa nini? Sikuwa na jibu, Shangazi. Tukamtoa."

Kwa hiyo gari lile lilikuwa limewapa habari hata wao. Upande mmoja wa njia lilitufanya tubaki. Upande wa pili lilisema kwamba hatuji. Halikuwa limebeba mtu hata mmoja.

Mama aliingizwa ndani kwa wanawake. Nami nikaruhusiwa kusimama mlangoni, kwa kuwa nilikuwa wa nyumbani. Aliketi juu ya mkeka, akapokea pole moja baada ya nyingine. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, uso wa kaka yake ulikuwaje.

Walijibu wote kwa pamoja. Mmoja alisema alikuwa amekonda sana. Mwingine akasema hapana, alinenepa kidogo mwishoni. Mmoja alisema alikuwa kama anayetabasamu, na mzee aliyekaa kando ya mlango akasema maiti hazitabasamu, watu wasimdanganye mwenye msiba. Walibishana juu ya ndevu, kama zilinyolewa au zilipunguzwa tu.

"Mmoja aseme," Mama alisema. "Wengine mnyamaze."

Wakamgeukia binamu yangu, kwa kuwa ndiye aliyesaidia kumwosha baba yake, na ndiye aliyefunga sanda. Alikuwa amesimama karibu nami mlangoni. Mikono yake bado ilikuwa na udongo, na alikuwa akiusugua kwenye msuli aliouvaa.

"Sikumtazama sana, Shangazi," alisema hatimaye. "Nilijua wewe unakuja kumtazama."

Mama alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa jibu alilolitarajia. Kisha akaomba aletewe maji ya kuosha miguu.